Dawa ya sukari kwa mtu anayelala nje na anaongea Kihispania: kipi ubebe, kipi uache

Mdogo wangu mmoja, mtu wa Tanga, ameanza kazi mwezi uliopita kama nesi msaidizi kwenye timu inayozunguka mitaani huku Los Angeles. Juzi kanipigia saa nne usiku, shikamoo dada, marahaba, alafu moja kwa moja: nimechanganyikiwa. Wagonjwa wangu nusu wanaongea Kihispania, wanalala kwenye mahema, sukari ziko mia tatu, mia nne (kwa vipimo vya mmol tunavyovitumia kwetu Bongo hiyo ni kama 16.7 na 22), na kila mtu ofisini ana la kwake, huyu anasema wawekee apu ya kuwakumbusha, huyu anasema wahamishe wote kwenye sindano ya wiki, na mwingine eti hawa watu wenyewe hawataki kupona. We ungefanyaje?

Hiyo ya mwisho nikamwambia aitoe kichwani kabla hatujaendelea. Hizo nyingine tukakaa nazo karibu saa mbili kwenye simu, na kwa kuwa najua Wabongo na Wakenya wengi huku tuko kwenye hizi hizi kazi za uuguzi, nimeona niandike tu.

Ukubwa wa jambo kwanza, kwa walio mbali. Hesabu ya Los Angeles County ya 2025 ilipata watu 72,308 wasio na makazi, na kwa hesabu za miaka hii zaidi ya asilimia 40 huwa ni Walatino. Sio wote wanaongea Kihispania tu, wengi wamezaliwa hapahapa na Kiingereza chao kinakushinda wewe. Nazungumzia wale ambao ukiwapa karatasi ya Kiingereza wanaikunja vizuri, wanaweka mfukoni, na mambo yanaishia hapo.

Na kabla hujalinganisha chochote muulize mtu mambo matatu: analala wapi, anakula saa ngapi, na choo cha karibu kiko wapi. Ndio, choo. Utaona.

Mkalimani wa simu au promotora

Mkalimani wa simu ana uzuri wake. Unapiga, unapata mtu aliyesomea, siri inatunzwa, na kituo chochote kinachopokea pesa ya serikali kuu kinatakiwa kumhudumia mtu kwa lugha yake bila kumchaji, msingi wake ni ile sheria ya haki za kiraia ya 1964, kwa hiyo bosi asikwambie hakuna bajeti. Ubaya wake ni barabara. Lori la taka linapita, spika inakoroma, mzee wa miaka 60 na kitu hasikii vizuri, anaona aibu kusema rudia, basi anaitikia sí, sí, sí. Mimi sa hivi nikisikia sí tatu mfululizo naanza upya.

Promotora ni mtu wa jamii hiyohiyo, mara nyingi mwanamke, amepewa mafunzo ila sio nesi wala dokta, kwetu ungemwita mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba. California bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, Medi-Cal, inalipia kazi ya hawa wahudumu tangu Julai 2022, kwa hiyo siku hizi hata timu ndogo inaweza kuwa naye.

Tofauti niliiona kwa mzee mmoja wa Michoacán, alikuwa na hema karibu na San Pedro Street. Mimi na mkalimani wa simu tulimuuliza mara mbili kama anatumia insulini yake, mara zote mbili akasema anatumia. Kipimo kinasema 380. Wiki iliyofuata nikaenda na promotora, yeye hakugusa neno diabetes kabisa, alikaa kwenye kreti ya maziwa akamuuliza, ¿y el azúcar, don, cómo anda?, yani sukari inaendeleaje mzee wangu. Wamexico wengi wanasema tengo azúcar, nina sukari, neno kwa neno kama sisi. Wakapiga stori dakika kumi za mahindi na mvua za kwao, alafu mzee akasema mwenyewe: dada yangu walimwanzishia insulini, mwaka uleule akapofuka. Ndo maana haichomi. Alikuwa anaitunza vizuri tu, kwenye soksi iliyoloweshwa maji, kwa sababu ni mali ya hospitali na ni dhambi kuitupa.

Sasa hiyo imani usiicheke. Insulini mara nyingi huanzishwa mtu ameshachelewa, macho na figo vimeshaguswa, kwa hiyo wanaomzunguka wanaona sindano imekuja na upofu umefuata. Kwetu si wanasema ukishaanza kuchomwa ujue safari imekaribia? Ni kitu kilekile. Huwezi kulijibu jambo ambalo mtu hajakwambia, na kwenye spika ya simu asingekwambia milele.

Heshima nayo ina uzito kwao. Kihispania kina tú na kina usted, na mtu mzima ukimwita tú siku ya kwanza ni kama umempita mzee wa watu bila shikamoo. Kihispania changu nimekiokota kazini, kina makosa kila kona, lakini usted sikosei.

Njia ya tatu ni kumtumia jirani wa hema la pili, au mtoto wa mgonjwa, au kaka wa usafi anayejua Kihispania kidogo. Usifanye. Kuna kesi inafundishwa sana huku, Florida 1980, kijana kaletwa hospitali hajitambui, familia inasema intoxicado, wakimaanisha kuna kitu amekula kimemdhuru, wazungu wakasikia amelewa madawa. Wakamtibu kama aliyezidisha madawa, kumbe damu inavuja kwenye ubongo. Akapooza mikono na miguu yote. Neno moja.

Na lingine dogo linaloua kimyakimya, lebo ya kichupa. Kwa Kiingereza "once a day" ni mara moja kwa siku. Kwa Kihispania once ni kumi na moja! Herufi zilezile. California tangu 2016 famasi inatakiwa ikupe maelekezo yaliyotafsiriwa ukiyaomba, Kihispania ni moja ya lugha tano zilizopo, ila neno ni ukiyaomba. Kwa hiyo unaomba wewe kwa niaba yake, kila mara, hata kama mtu wa kaunta anavuta mdomo.

Angalizo: sio kila anayetoka Mexico au Guatemala ana Kihispania cha kutosha. Watu wa Oaxaca wengi lugha yao ni Kizapoteki au Kimixteki, wa Guatemala unaweza kukuta K'iche', Kihispania ni cha sokoni. Ni kama umchukue bibi yako wa Kimakonde umwelezee dozi kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Atatabasamu. Muulize lugha ya mama yake.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili mimi nachukua promotora kwa mazungumzo, na mkalimani mwenye cheti siku ya kubadilisha dozi au kusaini kitu, labda promotora wako awe na hicho cheti mwenyewe. Ukiweza kimoja tu, promotora.

Vidonge, na habari ya choo

Metfomini ndo mama wa dawa zote za aina ya pili ya kisukari, ni rahisi, hata asiye na bima kuna maduka makubwa yanaiuza dola 4 kwa mwezi, na peke yake haiwezi kumshusha mtu sukari hadi akaanguka. Ukiisoma kwenye kitabu ndo jibu la kila kitu. Lakini ile ya kawaida, hasa wiki za mwanzo, inaharisha. Sasa mtu wa nyumbani akiharisha anaenda chooni. Mtu wa Skid Row, ule mtaa wa mahema katikati ya Los Angeles? Ripoti ya 2017 ilihesabu vyoo 9 tu vya umma usiku mtaa ule, kwa watu zaidi ya 1,700 wanaolala nje. Vimeongezwa kidogo tangu hapo, lakini pitia saa nane usiku ujionee. Mama mmoja wa Puebla aliniambia wazi, mwanangu, nikimeza hiyo najichafua, na mtu akijichafua huku hana pa kuoga na shelta (nyumba za kulaza wasio na makazi) hawamwingizi. Aliacha. Kwenye faili waliandika mkaidi.

Metfomini ile inayoachia taratibu inatulia zaidi tumboni, na inamezwa mara moja tu kwa siku na chakula cha jioni. Bei haina tofauti ya kutisha. Mimi sioni kwa nini mtu anayelala nje aanzishiwe ile ya kawaida, kwa kweli sioni, anza na inayoachia taratibu kwa dozi ndogo, panda polepole. Kitu kimoja umwambie mapema: ganda la kidonge linaweza kutoka kwenye choo likiwa kama zima. Usipomwambia atafikiri dawa haijafanya kazi na ataacha, au ataongeza cha pili. Na ulevi wa kupindukia na figo zilizochoka haviendi na metfomini ya aina yoyote, hapo dokta lazima aamue.

Glipizaidi na ndugu zake, kama ile glibenklamaidi tuliyoizoea nyumbani, ni rahisi nazo na zinashusha kweli. Tatizo zinashusha umekula, hujakula. Mtu anayetegemea foleni ya misheni hajui kama leo chakula kitamfikia. Sukari ikienda chini ya 70 kwa vipimo vya huku anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, anayumba, na kwenye mtaa ule mtu anayeyumba kila mtu anajua ni mlevi, wanampita. Nawaogopa hawa ndugu kuliko metfomini mara kumi. Ukilazimika, kanuni ni hujala humezi, na umwachie kitu cha sukari mfukoni, juisi ya boksi au peremende za kawaida sio zile za bila sukari (nimeshaona mtu kagawa za bila sukari, Mungu anisamehe nilicheka).

Jardiance na wenzake wanatoa sukari kwa njia ya mkojo. Nzuri kwa moyo na figo, wakubwa wanazipenda, na wana haki. Lakini mkojo unaongezeka, fangasi sehemu za siri wanakuja kirahisi ukikosa maji ya kuoga, na mtu akikaa na njaa au kiu muda mrefu anaweza kuingia kwenye ile hali ya damu kujaa asidi hata sukari haijapanda sana. Mtu ana choo na bafu, mpe. Hana, fikiria mara mbili. Sitagliptini inakaa katikati, kidonge kimoja kwa siku, fujo kidogo, nguvu yake nayo kidogo.

Sindano ya wiki au insulini ya kila siku

Hapa mdogo wangu alikuwa anataka nimwambie sindano ya wiki ndo suluhisho, na kwa nusu ya watu wake ni kweli. Trulicity, Ozempic, hizi unachoma mara moja kwa wiki, maana yake nesi anaweza kuja kila Jumanne na kuichoma mwenyewe, mgonjwa habebi kitu, haibiwi kitu, hana cha kukumbuka. Peke yake haimwangushi mtu. Mimi nimeona A1c ya mtu (kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu) inashuka kutoka 11 kwenda 8 na hajawahi kubeba kidonge hata kimoja. Na joto sio kesi kubwa, Trulicity inavumilia siku 14 nje ya friji kama haivuki nyuzi 30, Ozempic ikishaanza kutumika siku 56. Friji inabaki kliniki, wewe unabeba kibegi cha ubaridi.

Lakini inakata hamu ya kula na inatia kichefuchefu. Kwa mnene anayekula mkate na soda kwa sababu ndo vinavyogawiwa, sawa. Kwa yule ambaye mbavu zinahesabika, ambaye mlo wake ni mmoja, sitaki. Alafu ni ghali, bila bima usiiongelee. Na ukikosa Jumanne mbili tatu mfululizo kichefuchefu kinaanza moja.

Insulini huwezi kuikwepa kwa wengine, wenye aina ya kwanza hakuna mjadala, bila insulini ni siku chache tu. Ndani ya insulini linganisha hivi. Ile ya mchanganyiko ya 70/30 ni ya bei nafuu lakini inataka mara mbili kwa siku na chakula kiwepo mbele yako, tumeshasema habari ya foleni ya misheni. Ile ya mara moja kwa siku kama Lantus ikishafunguliwa inakaa siku 28 nje ya friji chini ya nyuzi 30. Tresiba inafika siku 56, na ukichelewa saa kadhaa sio janga, mradi kati ya sindano na sindano zipite saa 8. Kwa maisha ya mtaani hizo saa ni mali. Ningekuwa na uwezo ningewapa wote Tresiba ya kalamu.

Nasema kalamu makusudi, yani ile sindano yenye umbo la kalamu, dawa iko humohumo ndani. Kichupa na bomba za sindano zinaibiwa, kwa sababu bomba zina soko lake, na askari akikuta bomba kwenye begi la mtu wa mtaani haanzi na kuuliza habari ya sukari. Kalamu inaonekana kama kalamu.

Joto sasa, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna cha kuwaambia. Kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, kaskazini mwa Kenya, wagonjwa walikuwa wanatakiwa waende hospitali kila siku kuchomwa kwa sababu nyumbani hakuna friji. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva wakapima joto halisi la majumba ya kambini, wakaijaribu insulini kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne, na majibu waliyoyatoa 2021 yakaonyesha insulini ilibaki na nguvu yake. Kwa hiyo yule mzee na soksi yake ya maji hakuwa mjinga hata kidogo, alikuwa anafanya kazi ya mtungi. Maji yakikauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto. Kuna vifuko vinauzwa vinavyofanya hivyohivyo, dola ishirini na kitu. Soksi ni bure. Kisichovumilika ni kuiacha ndani ya gari lililofungwa au juu ya hema la plastiki mchana wa Agosti, na ile ambayo haijafunguliwa bado inataka friji, hiyo ikae kliniki.

Dawa ya siku 7, ya 30, au ya 90

Bima inapenda ya siku 90, famasi inapenda ya siku 90, safari zinapungua. Kwa mtu mwenye kabati ni nzuri. Mtaani kuna siku lori la manispaa linakuja asubuhi, dakika kumi na tano za kukusanya vitu, kilichobaki kinaenda. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani itoe ile hukumu ya Grants Pass, Juni 2024, miji imepata nguvu zaidi ya kuadhibu kulala nje, na mimi kwa macho yangu naona watu wanahamishwa zaidi. Dawa za miezi mitatu zinaondoka na lori siku ya tisa, unaenda famasi, mfumo unasema mapema mno, njoo baada ya siku 81.

Hapo kuna mlango: famasia anaweza kuomba ruhusa ya dawa iliyopotea au kuibiwa. Lakini anapiga simu, anasubiri, mgonjwa amesimama na Kihispania chake mbele ya foleni iliyokasirika, anaondoka. Nenda naye au piga wewe.

Ya siku 7 haiumi ikipotea, na inakupa sababu ya kuonana na mtu kila wiki, wengi wetu tunasahau hilo ndo nusu ya tiba. Ila inakula nguvu kazi. Mimi nikiwa na timu inayokwenda kila wiki nachukua 7, bila hiyo nachukua 30 na nagawa, nusu abebe, nusu ibaki kliniki au shelta kwenye kabati la kufuli. Sio 90. Na usimpe vichupa vitano vya rangi ya chungwa vinavyolia kama kayamba akitembea, kila mtu anasikia ana vidonge. Mwombe famasia afunge kwenye vifuko, kifuko kimoja siku moja, jina la siku kwa Kihispania, lunes, martes. Vinakaa kwenye mfuko wa shati.

Meseji au kahawa

Hili fupi. Meseji za kumkumbusha zinafanya kazi, kuna utafiti wa San Diego, Dulce Digital, 2017, Walatino 126, nusu yao wakatumiwa meseji miezi 6, wastani wa A1c ya hao ukashuka kutoka 9.5 hadi 8.5, nusu ambao hawakutumiwa hawakusogea hivyo. Safi kabisa. Lakini hiyo inataka mtu awe na simu muda wote. Wangu mimi simu inaibiwa, inauzwa, chaji inakwisha, namba inabadilika kila baada ya wiki kadhaa. Kwa mwenye simu iliyotulia, tuma, tena ujumbe wa sauti kuliko maandishi kwa sababu wapo waliosoma darasa la tatu tu. Kwa wengine funga dozi kwenye kitu anachofanya kila siku bila kukumbushwa. Yule mama wa Puebla kila jioni anachukua sahani yake kwa kanisa moja, saa kumi na moja, basi metfomini yake, sasa ile inayoachia taratibu, inakaa kwenye pochi ileile ya kijiko chake. Hajawahi kuniambia amesahau kijiko.

Aje kliniki au umfuate

Kliniki ina maabara, ina macho, ina daktari wa miguu. Kliniki za jamii zenye ruzuku ya serikali kuu zinachaji kulingana na kipato, na dawa nyingi wanazipata kwa bei ya chini kupitia ule mpango wa 340B wa tangu 1992. Mtu akifika, anafaidi. Suala ni kufika: mabasi mawili, hema anamwachia nani, na miadi ya saa tatu asubuhi wakati foleni ya kuoga nayo ni saa tatu. Alafu tangu misako ya uhamiaji ya Juni 2025 hapa Los Angeles kuna waliokuwa wanakuja kila mwezi wakapotea kabisa, hata wenye makaratasi, wanasema sura yangu haina makaratasi.

Ndo maana kufuata mtu aliko kuna maana. Dokta Jim Withers alianza hivi Pittsburgh 1992, akivaa kama mtu wa mtaani na kutembea usiku na mwenzake aliyewahi kulala nje, na leo sio hisani tu, tangu Oktoba 2023 kuna namba rasmi ya kudai malipo kwa huduma iliyotolewa barabarani, namba 27. Mdogo wangu hakuijua, na bosi wake nadhani hakuijua.

Cha tatu ni vitanda vya kupumzikia, vile vya mtu aliyetoka hospitali ambaye hawezi kurudi kwenye lami na kidonda cha mguu. Boston wanavyo tangu miaka ya themanini, California tangu 2022 Medi-Cal inaweza kuvilipia. Kuna friji, kuna nesi, kuna choo. Kama unataka kumwanzishia mtu insulini kwa mara ya kwanza, pigania kitanda hicho, jifunzieni humo ndani pamoja, aone sukari inashuka na macho yake bado yanaona. Vitanda ni vichache, mtapigania kweli.

Na makaratasi ya bima usiyaache yafike kwenye anwani ya hema lililokwishabomolewa. Januari 2024 Medi-Cal ilifunguliwa kwa watu wa kipato cha chini wa umri wote bila kuangalia hali ya uhamiaji, lakini tangu Januari 2026 watu wazima wapya wasio na makaratasi hawaandikishwi tena kwa huduma kamili. Waliomo wamo, ila wahuishe kwa wakati, akitoka kurudi ni kazi. Barua ya kuhuisha ije kliniki kwako, jina lake, anwani yenu. Mimi nina droo nzima ya barua za watu.

Basi tukafika hapo, saa sita kasoro, nasikia mdogo wangu anaandika. Akanisomea orodha ya begi lake la Jumanne: mashine ya kupimia, vipande vyake, kibegi cha ubaridi, juisi za boksi, lebo za Kihispania, namba ya promotora.

Nikamwambia ongeza soksi, jozi ishirini hivi, za pamba.

Za nini dada? Za miguu?

Za miguu, maana lazima wavue viatu uangalie katikati ya vidole. Na moja moja ya insulini.